Sufuria Namba Saba

Simu niliitoa Makoroboi, kwenye meza yangu ya ufundi.
Kioo kina ufa pembeni. Mwenyewe aliiacha mwaka juzi,
hakurudi kuidai.
Nikaifuta vumbi, nikaitia laini,
nikapanda nayo ngazi za mawe hadi kwetu juu, Mabatini,
nikamwambia mama: leo daftari linastaafu.

Daftari la mama!
Limenuka dagaa, lina namba za watu waliokwisha kufa.
"Mrefu wa Kirumba, viti 40."
"Yule dada mwenye mwanya, birika."
"Msiba wa bondeni, turubai. Waulize vizuri."

Jumamosi nzima tukapiga picha mali.
Mama alizipanga sufuria juu ya jabali,
fupi mbele, ndefu nyuma,
kama darasa la saba siku ya kuhitimu,
ila kwanza alizisugua kwa majivu:
"Humpigi mtu picha hajanawa uso."
Namba nne ina kovu. Iliteremka yenyewe mawe yote
mpaka barabarani, siku ya upepo wa ziwani,
ikasimamisha pikipiki mbili.
Namba saba ina tone la rangi ya kucha,
jekundu, chini ya mkono.

Mimi nikajaza: picha, namba, ujazo, bei ya siku.
Vitufe vitatu. IMETOKA. IMERUDI. IMEPOTEA.
Na kengele, kila Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Miezi miwili hakuna aliyebishana nasi.
Bwana mmoja wa Nyakato aliapa viti vilikuwa thelathini;
tukamwonyesha tarehe, saa, na yeye mwenyewe
amebeba cha thelathini na sita, anacheka.
Mama akajua kubonyeza kwa kucha ya kidole gumba.
Kengele ikilia anaijibu:
"Nimesikia, mwanangu, punguza kelele."

Kisha namba saba ikatoka kwenda Igogo,
msiba wa mume wa Nyanjige.
Siku tatu, bure. Msibani mama hatozi.
Jumatatu simu ikaita: NAMBA SABA, IRUDI LEO.
Jumatatu ya pili ikaita.
Ya tatu ikaja na maandishi mekundu,
nikateremka, simu mkononi kama hati ya polisi.

Sikufika Igogo.
Niliikuta njiani, chini ya kilima cha Bugando,
wanapopita wanaokwenda kuona wagonjwa.
Inachemka. Uji wa ulezi, vikombe vya plastiki, foleni.
Nyanjige amefunga mtoto mgongoni,
na chini ya mkono wa sufuria
lile tone jekundu, moto haujalifuta.
Hakuniona. Au aliniona.
Alinijazia kikombe, akakataa hela.
Ulikuwa wa moto, una ndimu kidogo.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. Nikamsimulia.
Akasema: "Haya, bonyeza."
Nibonyeze ipi? Imerudi?
"Haijarudi. Usiidanganye mashine."
Imepotea?
"Kimepoteaje kitu unachojua kilipo?"
Basi tuiache imetoka.
"Ikibaki imetoka, itaendelea kudaiwa."
Akatupa kijiwe, akapepeta, akatupa kingine.
"Andika imeolewa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Binti akiolewa humfuati na kengele.
Unapita siku moja, unasalimia,
unatazama kama bado anang'aa."

Mimi ninayefufua simu zilizozama ziwani
nilihangaika usiku wa manane kutafuta pa kuongeza kitufe cha nne.
Programu ikagoma. Inajua mambo matatu tu.

Kwa hiyo mpaka leo, Jumatatu, saa mbili,
simu inalia juu ya jabali.
Mama anafuta mikono kwa kanga, anaiinua,
anaisogeza mbali kidogo na macho, anaitazama picha.
"Hajambo huyo," anasema.
Halafu, kwa kucha ya kidole gumba:
NIKUMBUSHE WIKI IJAYO.